Kamera Ikikwama Njiani: Mwongozo wa Kolonoskopi Ngumu kwa Watu wa Visiwa vya Lamu

Mtu wa Kizingitini akiandikiwa kipimo cha kamera ya utumbo mpana, ana safari mbili mbele yake. Ya kwanza anaijua: mashua hadi Lamu au Mokowe, kisha basi la Witu, Garsen na Malindi mpaka Mombasa, zaidi ya kilomita 300 baada ya kuiacha bahari. Ya pili haijui. Ni ya mrija mwembamba wenye kamera unaoingizwa njia ya haja kubwa, ukapanda upande wa kushoto, ukakatiza tumbo, ukashuka kulia hadi utumbo mpana unapoanzia, pale penye kidole tumbo. Hii ya pili ikikatika katikati, ile ya kwanza imekwenda bure, nauli na siku za kazi pamoja.

Na hukatika. Kipimo ambacho vyama vya wataalamu wa Marekani vilikitumia kwa miaka mingi kilikuwa kwamba daktari afike mwisho angalau mara 90 katika kila vipimo 100, na mara 95 kwa watu wasio na dalili waliokuja kuchunguzwa tu. Kwa hiyo hata penye vifaa na mikono mizuri, wapo watu ambao kamera haiwafikii mwisho siku ya kwanza. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao, kwa jamaa anayewasindikiza, na kwa afisa wa kliniki au muuguzi wa zahanati anayeandika rufaa. Daktari wa kamera hahitaji kufundishwa kazi yake hapa, lakini mgonjwa anayejua kinachofanywa tumboni mwake humsaidia daktari huyo kuliko anayelala pale kama mzigo.

Hatua ya kwanza: Toa habari zote za tumbo kabla barua ya rufaa haijaandikwa

Kwanza kabisa, damu kwenye choo isiitwe bawasiri mpaka mtu aangaliwe. Pwani neno hilo limeficha magonjwa mengi, na watu hutumia dawa za mitishamba miezi kadhaa huku uvimbe ukikua ndani. Damu, choo kilichobadilika tabia kwa wiki kadhaa, kupungua uzito bila sababu, upungufu wa damu kwa mwanamume au kwa mwanamke aliyekoma hedhi: hayo ni ya kupelekwa mbele.

Halafu iandikwe historia inayomwambia daktari wa Mombasa mapema kwamba kazi huenda ikawa ngumu. Mwanamke mwembamba, hasa aliyetolewa kizazi au aliyepasuliwa mara kadhaa kwa uzazi, mara nyingi ana utumbo wenye kona kali chini ya kitovu, kwa sababu makovu ya ndani huushika utumbo mahali pamoja. Mwenye kufunga choo tangu utotoni huwa na utumbo mrefu uliolegea. Kwa mtu mwenye tumbo kubwa, mkono wa muuguzi hauufikii utumbo kwa urahisi kutoka nje. Aliyewahi kuugua maambukizi ya nyonga, aliyechomwa mionzi, aliyepasuliwa tumbo kwa sababu yoyote: yote yaandikwe.

Na ngiri. Wanaume wetu wanaobeba mizigo gatini na kuvuta mashua huishi na ngiri miaka mingi bila kuitaja, kwa haya tu. Kipande cha utumbo mpana kikiwa kimeingia kwenye ngiri ya kinena cha kushoto, mrija wa kamera unaweza kuingia humo na kunasa. Ni jambo la nadra, lakini daktari aliyeambiwa atalichunguza kwa mkono kabla ya kuanza, na asiyeambiwa atalijua akiwa amekwisha kukwama. Basi baba, sema.

Dawa zote ziorodheshwe. Vidonge vya madini ya chuma, ambavyo wagonjwa wengi wa damu pungufu hupewa, huacha choo cheusi kinachoganda kwenye ukuta wa utumbo, kwa hiyo husimamishwa karibu wiki moja kabla. Dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin na clopidogrel zinahitaji mpango wa daktari, kwa kuwa kuziacha kiholela kunaweza kuleta kiharusi, na kuzinywa siku ya kukatwa kinyama kilichoota kwenye ukuta wa utumbo kunaweza kuleta damu nyingi. Aspirin kwa kawaida haiachwi. Mwenye kisukari aulize mapema kuhusu insulini na vidonge, maana atakaa siku nzima bila chakula kigumu.

Kama kipimo kilishawahi kufanywa na kikakwama, karatasi ya mara ile ndiyo muhimu kuliko zote. Nitairudia mbele, kwa kuwa hapo ndipo watu wengi hupotelea.

Hatua ya pili: Panga safari kwa kuangalia maji, na usinywe dawa ya kuendesha ukiwa njiani

Hii ni hatua ambayo miongozo ya hospitali za mjini haina, kwa sababu imeandikwa kwa mtu anayekaa dakika 20 kutoka hospitalini. Mtu wa Faza, Siyu, Ndau au Kiwayu hawezi kunywa lita za dawa nyumbani kwake usiku halafu asubuhi akapanda mashua. Hakuna choo kwenye mashua, na basi halisimami kila anapotaka abiria mmoja.

Kwa hiyo fika Mombasa siku mbili kamili kabla ya kipimo. Ukitoka upande wa Pate kumbuka mlango wa bahari wa Mkanda: maji yakitoka, mashua husubiri, na ukikosa maji ya asubuhi huenda umekosa na basi la siku hiyo. Wakati wa kusi, bahari ikichafuka kwenye miezi ya Juni na Julai, ongeza siku. Barabara ya kutoka Mokowe ina lami siku hizi, lakini vizuizi vya ukaguzi wa usalama bado vinaweza kukuchelewesha.

Tafuta mahali pa kulala penye choo ambacho hutakigombania na watu wengine sita. Kwa jamaa ni sawa, ila waambie ukweli kwamba usiku mmoja choo kitakuwa chako. Weka pesa za siku moja au mbili za ziada. Sababu yake utaiona katika hatua ya saba. Na uende na mtu mzima wa kukusindikiza, kwa kuwa ukishachomwa sindano ya kulegeza hutaruhusiwa kutoka peke yako, wala kuendesha chombo chochote kwa saa 24. Kurudi Lamu kwa basi la usiku uleule ni wazo baya.

Kuhusu malipo: tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya NHIF ilipoiachia nafasi SHA, uliza hospitali yenyewe, kabla ya kupanda mashua, kama kipimo chako kinalipiwa na kama idhini imeshapatikana. Jibu la "njoo tu tutaona" si jibu la kumtoa mtu Kiunga.

Hatua ya tatu: Chakula cha siku tatu za mwisho

Lengo ni kupunguza makapi. Siku tatu kabla, mtu mwenye tumbo la kawaida hata siku mbili, acha mbaazi, maharage, mseto wa choroko, mchicha na kisamvu, mkate wa mofa, mkate wenye ufuta juu, nazi ya kukuna, na matunda ya mbegu kama mapera, mapesheni na tikiti. Mbegu ndogo ni adui mkubwa kuliko zinavyoonekana: huziba tundu la kunyonyea la mrija, na daktari hukaa akilizibua badala ya kutazama ukuta wa utumbo.

Kula wali mweupe, samaki wa kuchemsha au wa kuoka, mayai, mkate mweupe, viazi vilivyomenywa. Si adhabu.

Siku moja kabla ni vitu vya majimaji tu, vile unavyoweza kuona upande wa pili wa gilasi: chai ya rangi, supu iliyochujwa, maji ya dafu yaliyochujwa bila nyama yake, juisi ya tufaha, maji ya tangawizi yaliyopita kwenye chujio. Maziwa hapana. Vimto na vinywaji vingine vyekundu au vya zambarau hapana, kwa kuwa rangi yake ikibaki utumboni hufanana na damu.

Mwezi wa Ramadhani usiuchague kama unaweza kungoja. Kama daktari amesema usingoje, usingoje: mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa, na shekhe wa mtaa wako atakuambia hivyo hivyo.

Hatua ya nne: Dawa ya kuendesha, nusu usiku na nusu alfajiri

Hapa ndipo vipimo vingi huharibikia, na si kwa sababu ya kona wala makovu. Utumbo mchafu humfanya daktari asione njia, apulize hewa nyingi kutafuta uwazi, hewa irefushe utumbo, na utumbo uliorefuka ujikunje. Ugumu mwingi unaolaumiwa kwa maumbile ya mtu ulianzia kwenye ndoo ya dawa ambayo haikumalizwa.

Dawa inayotumika sana ni unga wa makrogoli unaochanganywa na maji, jumla lita 4, au lita 2 kwa aina nyingine. Dozi igawanywe mara mbili. Nusu ya kwanza jioni. Nusu ya pili ianze saa nne hadi sita kabla ya kipimo na imalizike saa mbili kabla yake. Kama umepangiwa saa nne asubuhi, amka saa kumi alfajiri, uwe umemaliza saa mbili. Wapo wanaoinywa yote jioni ili walale. Alfajiri uchafu mpya umeshashuka kutoka utumbo mwembamba na kupaka upande wa kulia, hasa pale kamera inapotakiwa kufika. Bora usingizi ukatike.

Ipoze, inywe kwa gilasi, pumzika robo saa, nyingine. Ukitapika, subiri nusu saa uendelee polepole. Jipake mafuta ya mgando mapema sehemu ya kutokea. Mwenye historia ya kufunga choo aanze dawa ya kulainisha siku kadhaa kabla, na kipimo chake kiagizwe na daktari.

Sanamaki na haluli za dukani zisiongezwe kwa siri. Sanamaki huendesha kweli, lakini peke yake haiuoshi utumbo kwa kiwango cha kamera, na chumvi kali za kuendesha, pamoja na zile za fosfeti zinazouzwa kwenye maduka ya dawa, ni hatari kwa mzee na kwa mwenye figo dhaifu.

Utajuaje uko tayari? Kinachotoka kiwe maji ya manjano mepesi, ukiangalia ndani ya choo uone chini. Kikiwa cha kahawia au kina vipande, piga simu hospitali kabla ya kuondoka nyumbani. Kuambiwa uongeze dawa na uje mchana ni afadhali kuliko kuchomwa sindano na kuambiwa hakuna kilichoonekana.

Hatua ya tano: Mlangoni

Sema tena habari za ngiri, upasuaji na dawa, hata kama zimo kwenye barua. Uliza vitu viwili: kama wanapuliza hewa ya kawaida au kaboni dayoksaidi, na nani atakuchoma sindano. Kaboni dayoksaidi hufyonzwa haraka na mwili, hivyo tumbo halibaki limejaa na maumivu ya baadaye ni machache. Ikiwa hawana, usikimbie. Maji, kama tutakavyoona, yanafanya kazi nzuri pia.

Mama anayetaka daktari au muuguzi wa kike aombe siku ya kupanga tarehe, si akiwa amekwisha kuvaa gauni. Sitara inawezekana: mgonjwa hufunikwa shuka wakati wote na sehemu inayohitajika tu ndiyo huwa wazi.

Hatua ya sita: Ndani ya chumba, na kwa nini nguvu haisaidii

Utumbo mpana una urefu wa takriban mita moja na nusu. Mrija wa kamera nao una urefu wa karibu hivyo. Lakini daktari mzuri akifika mwisho, sehemu ya mrija iliyomo ndani huwa ni kama sentimita 70 hadi 90 tu. Mbinu yote ya kipimo kigumu imo ndani ya tofauti hiyo. Aliyewahi kupitisha mpira kwenye kiuno cha marinda kwa pini anaijua: husukumi pini mpaka mwisho, unasogeza kidogo, unakusanya kitambaa nyuma yake, unasogeza tena.

Shida huanza kwenye kipande cha chini kushoto, kiitwacho sigmoidi, ambacho hakikushikamana na ukuta wa nyuma wa tumbo. Mrija ukisukumwa, badala ya kwenda mbele, hukivuta kipande hicho juu kikawa kitanzi. Daktari anasukuma sentimita 10 na ncha haisogei, au inarudi nyuma. Mgonjwa anaumia, kwa sababu utando unaobeba utumbo unavutwa. Ikifikia hapo, kusukuma zaidi ni kosa; zipo mbinu nyingine.

Kwanza, kuvuta nyuma. Daktari huurudisha mrija polepole huku akiuzungusha, mara nyingi kuelekea kulia, kitanzi kifunguke. Ajabu ya mara ya kwanza kuona ni kwamba mrija unatoka nje na ncha inakwenda mbele. Kama kulia hakusaidii, kitanzi huenda kimejipinda upande wa pili, hapo hujaribiwa kushoto.

Pili, maji. Badala ya kupuliza hewa, daktari hunyonya hewa iliyomo na kuingiza maji ya uvuguvugu. Hewa huuvimbisha utumbo na kuzikaza kona, ilhali maji huufanya uwe mzito, ulale chini na kunyooka. Felix Leung wa California ndiye mmoja wa walioisukuma sana njia hii, ya kuingiza maji na kuyanyonya pamoja na uchafu, na majaribio yameonyesha kwamba hupunguza maumivu. Kwa hospitali zetu ina faida nyingine: haihitaji mashine ya bei.

Tatu, kumgeuza mgonjwa. Kipimo huanza ukiwa umelalia ubavu wa kushoto. Ukiambiwa, "Bibi, lala chali," au "Geuka ulalie ubavu wa kulia," usidhani kimeharibika kitu. Kulalia ubavu wa kulia huifungua kona ya juu kushoto, karibu na wengu, kwa kuwa kipande kinachokatiza tumbo huanguka upande ule. Kulala chali husaidia katikati. Mwenye tumbo kubwa huweza kulazwa kifudifudi, uzito wake mwenyewe ukabana utumbo. Pale kwenye kona ya ini, ukiambiwa vuta pumzi ndefu uishike, ivute kweli: kiwambo kinachotenga kifua na tumbo hushuka na kuisukuma kona hiyo, na mara nyingi ncha hupita kwa pumzi moja.

Nne, mkono wa muuguzi. Kubana tumbo kutoka nje, chini ya kitovu na kuelekea kushoto, huzuia kitanzi kisijitengeneze tena. Lakini libanwe baada ya kitanzi kufunguliwa. Kubana juu ya kitanzi kilichopo ni kumuumiza mgonjwa na kumchosha muuguzi bure. Naliandika hili kwa ajili ya wauguzi kwa sababu kazi yao chumbani ni ya ufundi, na mara nyingi huelekezwa kwa maneno mawili tu: "Bana hapa."

Tano, kubadilisha mrija. Na hapa inabidi kutenganisha aina mbili za ugumu ambazo huchanganywa. Utumbo uliofungwa na makovu, wa mama mwembamba aliyepasuliwa, unataka mrija mwembamba na mlaini: wa watoto, au hata ule wa kupimia tumbo la chakula kwa kupita mdomoni. Utumbo mrefu uliolegea, wa mwenye kufunga choo, unataka kinyume chake: mrija mgumu zaidi, au ule wenye pete ya kuukaza na kuulegeza, usijikunje ovyo. Kutumia dawa ya mmoja kwa mwingine ni kuongeza shida. Ndiyo maana ile historia ya hatua ya kwanza ina thamani: inamwezesha daktari kuchagua mrija kabla ya kuanza.

Kuhusu sindano nina maoni yangu. Watu wengi huomba walazwe usingizi mzito wasijue lolote. Propofol, chini ya mtaalamu wa nusukaputi, husaidia kweli kwa mtu ambaye kipimo cha kwanza kilishindikana kwa maumivu. Lakini kwa mara ya kwanza, sindano nyepesi ya kulegeza ina faida ambazo hazisemwi: mgonjwa anaweza kugeuka mwenyewe, anaweza kuvuta pumzi, na maumivu yake humwambia daktari kwamba kitanzi kinakazwa. Sema "inauma hapa". Hiyo ni habari, si ulegevu.

Kufika mwisho huthibitishwa kwa macho: tundu la kidole tumbo na mdomo ambapo utumbo mwembamba unamwagia kwenye mpana. Vyote viwili hupigwa picha. Kisha kurudi, na kurudi ndiko kunakotafutwa vinyama. Mwaka 2006 Robert Barclay na wenzake wa Rockford, Illinois, walionyesha kwamba madaktari waliotumia dakika sita au zaidi katika kuutoa mrija waligundua vinyama vingi kuliko waliotoka haraka. Miongozo mipya ya Marekani imepandisha hadi nane. Daktari aliyehangaika nusu saa kuingia ana kishawishi cha kutoka mbio. Asikubali.

Hatua ya saba: Kujua kuacha, na kuandika kilichotokea

Kutoboka kwa utumbo hutokea mara chache, kwa jumla mtu mmoja kati ya 1,000 au chini ya hapo, na kusukuma mrija kwenye kona isiyofunguka ni mojawapo ya sababu zake. Daktari anayesema "naacha hapa" baada ya kujaribu yaliyotajwa juu hajashindwa kazi. Anayeshindwa ni yule anayeacha bila kueleza.

Karatasi iseme sababu, kwa kuwa kila sababu ina njia yake.

Kama ni uchafu, kipimo kirudiwe baada ya dozi nyingine, ikiwezekana siku hiyo au inayofuata, ukiwa bado Mombasa. Ndiyo kazi ya zile pesa za siku za ziada. Usikubali tarehe ya miezi mitatu mbele wakati dawa nusu imeshafanya kazi. Uliza alama ya usafi: wengi hutumia ya Boston, ambayo hutoa 0 hadi 3 kwa kila moja ya sehemu tatu za utumbo, jumla ya juu ikiwa 9. Inayotosha ni angalau 2 kila sehemu.

Kama ni kona au vitanzi, kirudiwe na daktari mwenye mkono mzoefu zaidi, kwa mrija tofauti, na usingizi mzito ikibidi. Vipo pia vifaa vya puto: mwaka 2001 Hironori Yamamoto wa Japani alichapisha njia ya mrija wenye puto mbili, uliobuniwa kwa ajili ya utumbo mwembamba, na baadaye ukaonekana kufaa sana kwa utumbo mpana uliowashinda wengine, kwa sababu puto huushika utumbo na kuukusanya. Njia nyingine ni picha za CT za utumbo mpana uliojazwa hewa. Zikipatikana siku ileile, dawa uliyokunywa inatumika mara mbili. Kasoro yake ni kwamba CT huona kinyama lakini haiwezi kukikata.

Kama ni uvimbe ulioziba njia, sehemu ichukuliwe pale pale, na mgonjwa aende kwa CT na kwa daktari wa upasuaji bila kuzunguka. Utumbo uliobaki nyuma ya uvimbe, ambao haukuonekana, lazima utazamwe baadaye, kwa kawaida miezi mitatu hadi sita baada ya upasuaji, maana uvimbe wa pili unaweza kuwepo.

Basi usitoke hospitalini bila karatasi yenye mambo haya: kamera ilifika wapi, iliacha kwa sababu gani, mrija gani ulitumika, sindano gani na kiasi gani, mgonjwa aligeuzwa au la, alama ya usafi, na tarehe ya hatua inayofuata. "Hakikukamilika" peke yake haimsaidii mtu. Daktari wa pili akiipata karatasi nzuri huanza pale wa kwanza alipoishia.

Hatua ya nane: Kabla ya kurudi baharini

Gesi nyingi siku ya kwanza ni kawaida; tembea, itatoka. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, tumbo gumu, homa, kutapika, au damu nyingi, rudi hospitali mara moja.

Aliyekatwa kinyama kikubwa ana jambo la ziada. Damu inaweza kutoka ghafla hata wiki mbili baadaye. Kwa mtu wa Mombasa hilo ni teksi ya usiku. Kwa mtu wa Kiwayu ni mashua usiku wa kusi. Muulize daktari kinyama kilikuwa na ukubwa gani, na kama kilikuwa kikubwa, kaa wiki hizo karibu: Mombasa kwa jamaa, au angalau mjini Lamu karibu na hospitali ya King Fahd, kabla ya kurudi kisiwani. Kazi za kuvuta nyavu na kubeba mizigo ngoja nazo. Dawa za kuzuia damu kuganda zianzwe tena kwa tarehe aliyoandika daktari, wala si siku ulipojisikia mzima.

Nakala ya ripoti pelekea zahanati ya kwenu, uipige picha ihifadhiwe kwenye simu ya mtu mwingine nyumbani. Na kama ndani ya sanduku lako kuna karatasi ya zamani iliyoandikwa kwamba kipimo hakikukamilika, na hukupewa tarehe nyingine, mpigie simu leo aliyekuandikia rufaa. Sehemu ambayo kamera haikuifikia bado haijapimwa.